Jua Mgongoni

“Wifi,” Mama Majani aliita, mkono umeganda hewani na jani moja katikati ya vidole, “hebu niambie. Jua linazama wapi?”

“Linazama kule kule lilikozama jana,” wifi yake alijibu kutoka mstari wa jirani, bila kuinua kichwa. “Kwani leo limekuja kukuaga?”

“Sina utani. Geuka uangalie.”

Wifi aligeuka. Jua la saa kumi na moja jioni likampiga usoni barabara, akakunja macho. Akaitazama mizabibu iliyokuwa mbele yao, akalitazama tena jua, akalitazama lundo la majani mabichi miguuni pake. Mdomo ukamwanguka.

“Mungu wangu,” alisema. “Tumevua upande sio.”

Na kweli. Mistari mitatu mizima, kuanzia nguzo ya kwanza hadi ya mwisho, vichala vilikuwa wazi mbele ya jua la jioni. Zabibu zenyewe zilikuwa bado changa, ndogo kama pilipili manga, hazina hata jani moja la kujifunika uso. Na aliyezivua nguo hakuwa kibarua mgeni aliyekuja juzi. Alikuwa Mama Majani mwenyewe, ambaye jina hilo alipewa pale shambani kwa sababu kwa miaka kumi na tisa hakutokea mtu wa kumshinda kwa kuondoa majani ya mzabibu.

Ngoja kwanza kosa lenyewe lielezwe, maana ukiliangalia juu juu utadhani mwanamke huyu hana akili. Zabibu nyeupe ni za kubembelezwa. Ukizifungia gizani chini ya majani, zinabaki na uchachu wa kumkunja mtu uso, na mvinyo wake unanuka ubichi, kama pilipili hoho iliyokatwa sasa hivi. Ukizianika hovyo nazo, ngozi inageuka kahawia, uchachu wote unapotea, na mvinyo unaacha uchungu kwenye ulimi. Kwa hiyo shambani pale majani yaliondolewa upande mmoja tu, ule wa mawio. Jua la asubuhi ni la upole. Linakausha umande, linafukuza kuvu, linaitia zabibu harufu. Upande wa machweo haukuguswa, kwa kuwa jua la mchana halina simile.

Na ili wageni wasikosee, Mama Majani aliwafundisha maneno mawili tu: jua mgongoni. Simama mahali ambapo jua linakupasha mgongo, mzabibu uwe mbele yako, vua majani unayoyaona. Hakuna aliyewahi kukosea, kwa sababu kazi hiyo ilifanywa asubuhi peke yake. Saa tano ikigonga, wote wameshatoka.

Sasa siku hiyo manyunyu yalianza alfajiri. Majani yakiwa na maji hayashikwi, mikono itasambaza kuvu kutoka mti hadi mti. Wakasubiri bandani mpaka chakula cha mchana kikaliwa, wakasinzia, wakasengenya waliokuwepo na wasiokuwepo. Mawingu yalipofunguka na majani kukauka, Mama Majani alivaa kofia yake, akaingia shambani na wifi yake nyuma, akasikia joto tamu mgongoni, akaanza kazi huku akiimba. Jua lilikuwa mgongoni kama sheria inavyosema. Ila lilikuwa la upande wa pili.

“Tuseme ni mbuzi,” wifi alisema.

“Mbuzi gani anayechagua upande?”

“Mbuzi aliyesoma.”

Mama Majani alicheka, akashangaa kwamba anacheka, akaacha. “Naenda kumwambia Bwana Shamba. Na wewe funga mdomo wako. Ulinifuata mimi.”

“Nina macho, wifi. Jua niliona kama wewe.”

“Uliona kofia,” Mama Majani alisema. “Kofia ndiyo uliyoifuata.”

Kofia hiyo ilikuwa moja tu katika shamba zima. Ilikuwa pana, ya ukindu uliotiwa rangi ya kahawia, na utepe wa kijani kuizunguka. Wanawake wengine walijifunga vitambaa. Aliyeivaa ndiye aliyeongoza wavua majani wote: yeye ndiye aliyepanga nani aingie mstari upi, na akikaa chini, wote wanapumzika. Mama Majani hakuwa na cheo kingine chochote duniani, wala hakukitaka.

Bwana Shamba, msimamizi wa mizabibu yote, alikuwa mtu mrefu mwenye tabia moja: akikasirika hapigi kelele, anafuta miwani. Alipoambiwa, alifika mwenyewe, akachuchumaa mbele ya mstari wa kwanza, akakishika kichala kwa ncha za vidole. Akasimama. Akavua miwani.

“Angekuwa mtu mwingine,” alisema akifuta, “ningesema amelewa.”

“Sijalewa, Bwana Shamba. Nimezeeka kidogo, lakini sijalewa.”

“Mimi pia nili…” wifi alianza, na Mama Majani akamkanyaga mguu.

Bwana Shamba alifuta miwani kwa muda mrefu sana. Kisha akanyoosha mikono yote miwili, kwa adabu, akaiinua kofia kutoka kichwani kwa Mama Majani kama mtu anayemsaidia mgeni mlangoni. Afadhali angemfokea. Akageuka na kumkabidhi wifi.

“Mpaka mavuno utaongoza wewe. Mama Majani atakuwa bandani, ataosha kreti. Mistari hii mitatu ikiungua, basi atabaki huko huko. Isipoungua, tutazungumza siku ya mavuno, baada ya zabibu kuonjwa. Au mnasemaje?”

Wifi alibaki ameishika kofia mbali na kifua chake, kama amepakatishwa mtoto wa watu.

Basi Mama Majani akawa mwosha kreti. Tusidanganyane, ilimuuma. Bandani hapakuwa na jani hata moja, palikuwa na bomba, brashi, sakafu ya saruji na kreti za plastiki zilizorundikwa hadi darini. Miguu yake ililowa asubuhi na kukauka jioni. Siku mbili za kwanza vidole vyake vilikuwa vinacheza vyenyewe, vinatafuta vikonyo vya kuvunja, mpaka akavikemea. Siku ya tatu alijikaza. Akaanza kuzipanga kreti, za kijani huku, nyeupe kule. Mwisho wa wiki alikuwa anaimba kwa sauti, na fundi bomba aliyekuja kurekebisha koki akakaa saa nzima zaidi ya alivyohitajika.

Jioni wifi alipita kumchukua. Nyumba zao zilipakana ukuta kwa ukuta, njia ilikuwa moja.

“Pole na maji, mwosha kreti,” wifi alisema, kofia kichwani.

“Pole na madaraka, mheshimiwa.”

“Usinisogelee sana. Mimi sasa ni mtu mkubwa.”

“Naona. Hata kichwa kimevimba.”

Wakacheka njia nzima mpaka watu madirishani wakachungulia. Lakini Mama Majani alikuwa amejikataza kitu kimoja: hakuitazama kofia. Aliutazama mkono wa wifi, au barabara, au viatu vyake vilivyolowa. Alijua akiinua macho kuitazama, kicheko kitakatika, na hakutaka wifi yake alione hilo.

Mumewe alikuwa mwokaji mikate. Aliamka kabla ya ndege, akarudi mchana na unga masikioni, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku moja mezani alimwona mkewe ameshika tama mbele ya chai iliyopoa.

“Hizo zabibu zako,” alisema, “siku ile ulipozivua zilikuwa na ukubwa gani?”

“Kama pilipili manga.”

“Basi ziliingia tanuri likiwa vuguvugu.”

“Unasema nini wewe?”

“Mkate ukiingia mapema, moto ukiwa bado mdogo, unaota ganda lake polepole. Moto ukija kukolea, ganda lipo tayari. Unaoungua ni ule unaousukuma ndani tanuri likiwa limeshawaka.” Akakata kipande cha mkate.

“Zabibu si mikate, baba.”

“Na mimi si Bwana Shamba. Nipe hiyo sukari.”

Jumapili, siku ambayo hapakuwa na kazi, Mama Majani alikwenda kuitembelea mistari yake mitatu. Akaenda na Jumapili iliyofuata. Mlinzi wa lango alimfungulia bila kumuuliza, akajifanya anatafuta funguo zake. Alichuchumaa mbele ya vichala akavikagua kimoja baada ya kingine, kama mama anayekagua masikio ya watoto kabla ya shule. Zabibu zilikuwa zinanenepa. Ngozi yake haikuwa inang’aa kama ya zile za upande wa kivuli. Ilikuwa imefifia kidogo, ngumu kidogo chini ya kidole, na kijani chake kilikuwa kinaelekea manjano.

“Vumilieni, wanangu,” aliziambia, kisha akaangalia nyuma asije akawa amesikiwa.

Msimu wenyewe uligeuka wa ajabu. Mawingu yalikuja yakakaa. Wiki ikapita, mbili, nne, anga ni lile lile la kijivu, na kila baada ya siku chache manyunyu. Kwenye mistari mingine yote zabibu zilijificha chini ya majani yake ya machweo zikakataa kukua. Bwana Shamba alizunguka na kile kidude chake cha kupimia sukari, kifupi kama filimbi. Anakamulia tone la zabibu, anachungulia kwenye mwanga, anatikisa kichwa, anahamia mti mwingine.

Zilipobaki wiki tatu kabla ya mavuno, uvumilivu ulimwishia. Akaamuru mistari kumi iliyo mbele ya ofisi ivuliwe majani pande zote mbili, yote, siku hiyo hiyo, ili mwanga uingie.

Wifi alimsimulia Mama Majani jioni ile, amekasirika mpaka anatembea mbele mbele.

“Nikamwambia, Bwana Shamba, hizi hazijazoea. Zimelelewa gizani. Unajua alinijibu nini? ‘Kofia nimekupa wewe au nimempa Mama Majani?’”

“Ukamjibu nini?”

“Nilitaka kumjibu. Nikakumbuka nina watoto.”

Siku nne baadaye mawingu yakaondoka, yote kwa mpigo, kama yameitwa mahali. Na likaja joto. Siku ya kwanza watu walifurahi, wakaanika magodoro. Siku ya pili wakatafuta vivuli. Siku ya tatu hata maji ya bomba bandani yalitoka moto, na Mama Majani aliosha kreti bila kuimba. Kila akiinua kichwa aliona weupe mkali mlangoni, na kila akiuona alifikiria mistari mitatu isiyo na jani upande wa machweo. Alijua jinsi zabibu inavyoungua. Inaanza na doa dogo la rangi ya chai, doa linatambaa, ngozi inakunjamana, na baada ya hapo hakuna dawa. Alijiona bandani mwakani, na mwaka wa baada ya hapo, na miguu yake imelowa mpaka anastaafu. Machozi yakamlengalenga, akasingizia sabuni.

Saa tisa mchana wifi aliingia mbio, kofia mkononi, kitambaa kimemfunguka kichwani.

“Acha kreti. Twende.”

“Zimeungua?”

“Twende kwanza, wifi.”

“Niambie hapa hapa. Sitaki kuambiwa njiani.”

“Mimi ningekuwa na pumzi ya kueleza ningekuwa nimeshaeleza! Twende!”

Wakapita mbele ya ofisi, na hapo Mama Majani akasimama ghafla. Ile mistari kumi ilikuwa imeiva kwa namna ambayo hakuna zabibu inayotakiwa kuiva. Upande wote wa machweo ulikuwa wa kahawia, vichala vimesinyaa, vingine vimepasuka na nyuki wameshapata habari. Katikati ya mistari alisimama Bwana Shamba, miwani mkononi. Hakuwa anaifuta. Alikuwa ameishika tu.

Mama Majani, kwa kweli, hakufurahi. Alichofikiri ni hiki: kama zile zimekuwa hivi kwa siku tatu, zangu zimekuwaje? Akaanza kukimbia. Mwanamke wa umri ule, amelowa mpaka magotini, viatu vinapiga kelele ya maji kila hatua, alikimbia mpaka mwisho wa shamba na wifi yake nyuma akimwambia pole pole utaanguka.

Mistari mitatu ilikuwa pale. Vichala vilining’inia wazi mbele ya jua, manjano ya kuwaka, vimejaa, vizima. Huku na kule palikuwa na zabibu yenye vidoa vidogo, kama madoadoa ya usoni kwa mtu wa jua. Basi. Alikishika kichala kimoja kwa chini, akakipima uzito kiganjani. Akaibonyeza zabibu moja. Ngozi ikabonyea, ikarudi.

“Ehe?” wifi alisema, akihema. “Nilikwambia twende.”

Mama Majani alikaa chini kwenye vumbi akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na wifi akakaa naye akacheka pia, na walipokuwa katika hali hiyo Bwana Shamba alifika na kusimama juu yao. Akakagua mstari wa kwanza. Akakagua wa pili. Wa tatu hakuukagua.

“Hazikuungua,” alisema.

“Hazikuungua, Bwana Shamba.”

“Sawa. Lakini zabibu inaweza kuwa nzima na isifae. Ngozi nene inaleta uchungu. Tulisema siku ya mavuno, baada ya kuonja.”

“Tulisema,” Mama Majani alikubali, akajipangusa vumbi, akarudi kwenye kreti zake. Ila jioni hiyo aliimba, na fundi bomba akaja tena, ingawa koki haikuwa na tatizo lolote.

Asubuhi ya mavuno, wavunaji wakisubiri nje na mikasi yao, binti wa maabara alipanga glasi kwenye meza ndefu bandani. Watu walimwita Mkemia. Alikuwa mdogo kiumri na mkali wa pua: inasemekana aliwahi kunusa mkono wa mtu akamtajia sabuni aliyoogea. Kutoka kila sehemu ya shamba alikuwa amechuma zabibu, akazikamua, akaacha maji yake yatulie. Kila glasi ilikuwa na namba tu. Orodha ya namba ilikuwa mfukoni kwa Bwana Shamba, ili mwonjaji asijue anaonja ya nani.

Mama Majani alisimama kando ya mlima wa kreti safi, mikono kwenye aproni. Wifi alisimama karibu naye, amevaa kofia, na kwa mara ya kwanza msimu mzima hakuwa na mzaha wowote mdomoni.

Mkemia alinusa namba moja, akaonja, akatema kwenye ndoo. “Uchachu mwingi. Inanuka majani mabichi, hoho kabisa.” Akaandika. Namba mbili, hivyo hivyo. Namba tatu, hivyo hivyo, na harufu ya kuvu kwa mbali. Nne, tano, sita. Bwana Shamba alikuwa anazidi kuinama, kila namba inampunguzia urefu.

Kwenye namba saba Mkemia alinusa. Akanusa tena. Akaonja na hakutema.

“Hii imetoka wapi?”

“Sema ulichoonja kwanza,” Bwana Shamba alisema.

“Ile harufu ya ubichi haipo. Kuna ua humu, ua la mchungwa, na nyuma yake asali. Uchachu upo lakini hauumi.” Akazungusha ulimi. “Na ngozi ni nene. Kuna uchungu kidogo mwishoni, siwezi kuficha. Lazima ikamuliwe taratibu na maganda yatolewe haraka. Lakini ukichanganya hii na hizo sita, zote zinapata uhai. Nani aliyezilea hivi? Hizi zimeona jua tangu zikiwa changa.”

Bwana Shamba alitoa karatasi mfukoni, akaifungua. Hakuwa na haja ya kuifungua, uso wake ulikuwa umeshasoma. Akavua miwani, akaifuta mpaka kioo kikakaribia kupasuka.

“Namba saba,” alisema, “ni mistari mitatu ya Mama Majani.”

Macho yote yakageukia mlima wa kreti.

“Nilikosea upande, mwanangu,” Mama Majani alimwambia Mkemia. “Nisikudanganye. Sikujua ninachofanya.”

“Na mimi nilijua ninachofanya,” Bwana Shamba alisema polepole, “nikaunguza mistari kumi.” Akavaa miwani, akamgeukia wifi. “Kofia.”

Wifi aliivua. Kwa sekunde mbili hivi aliishikilia kifuani, na Mama Majani akadhani, maskini, ameizoea. Akataka hata kusema baki nayo. Lakini wifi aliinyoosha mikono, na Mama Majani, ambaye kwa miezi mitatu hakuthubutu kuitazama, akaipokea na kuitazama.

Upande mmoja ulikuwa wa kahawia kama zamani, na utepe wake wa kijani. Upande wa pili ulikuwa umepauka, mweupe kama mfupa, na utepe hapo umekuwa manjano. Mpaka kati ya rangi mbili ulipita katikati kabisa, umenyooka.

Akaigeuza. Akaigeuza tena. Kichwa cha mtu kinageuka huku na huku kutwa nzima. Kofia inayokaa kichwani inapauka pande zote.

“Wifi,” alisema. “Hii uliivaaje?”

Wifi aliangalia sakafu ya saruji. “Sikuivaa.”

“Kila jioni nimekuona nayo.”

“Getini naivaa, kuingia na kutoka, ili mwenye macho aone. Nikifika shambani naitundika kwenye nguzo ya mistari yako, hadi saa ya kuondoka.” Akainua kidevu. “Kila siku wenzetu wananiuliza, leo anaongoza nani? Nawaambia, anaongoza yule pale nguzoni. Tulipanga mistari kama ulivyokuwa unapanga wewe. Ulipokuwa unakaa kupumzika, tulikaa. Sasa usinitazame hivyo, wifi, mbele za watu. Niliondoa majani na wewe siku ile. Jua niliona kama wewe.”

Mama Majani alitaka kumjibu kwa mzaha, maana ndiyo desturi yao. Badala yake alimshika wifi yake shingoni akamvuta, wakakumbatiana na kofia ikiwa imebanwa katikati yao, na Mkemia akageuka kunusa glasi ambayo haikuwa na kitu ndani.

“Mnaivunja,” Bwana Shamba alisema. “Shamba lina kofia moja tu.”

Nje wavunaji waliposikia walipiga vigelegele mpaka ndege wakaruka kwenye nyaya. Mama Majani alitoka na viatu vyake vikavu kwa mara ya kwanza tangu apelekwe bandani. Alitembea mpaka mwisho wa shamba, wenzake nyuma yake na kreti safi vichwani, mpaka kwenye nguzo ya mistari mitatu. Palikuwa na msumari pale, umepinda kidogo kwa uzito wa kila siku. Aliugusa kwa kidole.

Akavaa kofia. Haikukaa vizuri. Akaizungusha, upande wa kahawia mbele, akaona sivyo. Akaizungusha tena, ule uliopauka ukaja mbele.

“Haya, Mama Majani,” mmoja aliuliza, mkasi tayari mkononi, “tuanzie upande gani?”

Alifungua mdomo kujibu kwa maneno yale mawili ya miaka yote, kisha akaufunga. Joto lilikuwa mgongoni mwake, tamu, la asubuhi. Aligeuka taratibu, nusu mzunguko, wote wakimsubiri, akainua ukingo wa kofia kwa kidole kimoja na kuliacha jua limguse uso.